Godoro la Rio: goti la Sarah Bernhardt na wanaoruka majukwaani Bagamoyo

Oktoba 1905, Rio de Janeiro. Sarah Bernhardt, mwigizaji wa Kifaransa anayekaribia miaka 61, anamalizia La Tosca, tamthiliya ya Victorien Sardou ambayo yeye ndiye aliyeigiza nafasi yake kuu ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1887. Mwisho wake ni huu: Tosca anagundua kwamba mpenzi wake, aliyeahidiwa kupigwa risasi za uongo, amepigwa za kweli. Askari wanamjia. Anapanda ukingo wa ngome ya Castel Sant'Angelo na kujirusha. Watazamaji wanamwona akipotea nyuma ya ukuta, na nyuma ya ukuta panatakiwa pawe na godoro. Usiku ule alipoangukia hapakuwa na godoro. Masimulizi yanatofautiana kidogo: wengine wanasema halikutandikwa kabisa, wengine kwamba lilikuwa limesogezwa. Goti la kulia, ambalo tayari lilikuwa likimsumbua, ndilo lililopokea uzito.

Mwaka 1915 mguu huo ulikatwa juu ya goti. Akaendelea kuigiza, jukwaani na kwenye filamu, mpaka alipofariki mwaka 1923.

Watu hupenda kukisimulia kisa hiki kama hadithi ya ushujaa: bibi wa miaka 70, mguu mmoja, hakati tamaa. Sina ugomvi na ushujaa wake. Ila mimi kazi yangu ni usimamizi wa jukwaa hapa Bagamoyo, mji ambao watu wanaruka, wanapinduka, wanapanda mironjo na kusimamiana mabegani karibu kila jioni. Nikisoma kisa hiki, jicho langu linakwenda kwanza nyuma ya ule ukuta wa mbao. Nani alitakiwa kuweka godoro? Nani alilikagua? Na baada ya kuanguka, nani alikuwa na uwezo wa kumwambia nyota wa kampuni kwamba kesho hakuna onyesho? Naamini mguu ulipotea kwenye maswali hayo, muda mrefu kabla ya daktari kushika kisu.

Nyota aliyekuwa mwajiri

Maisha yake ya awali nitayapitia haraka, maana vitabu vimeyajaza. Alizaliwa Paris mwaka 1844. Mama yake, Myahudi mwenye asili ya Uholanzi, aliishi kwa kutunzwa na wanaume wenye fedha, na mmoja wa wanaume wa mzunguko huo, Duke wa Morny, ndiye aliyeshauri binti apelekwe kusomea uigizaji. Mwaka 1862 aliingia Comédie-Française, jumba la maonyesho la taifa. Hakudumu: alimzaba kofi mwigizaji mkongwe aliyemsukuma mdogo wake, akakataa kuomba radhi, akaondoka. Jina alilipata jumba jingine, Odéon, mwaka 1869. Vita na Prussia vilipozuka mwaka uliofuata aliligeuza jumba hilo kuwa hospitali ya majeruhi. Alirudi Comédie-Française mwaka 1872 akiwa mtu mwingine, na mwaka 1880 akaondoka tena, safari hii kwa hiari yake, akaunda kampuni yake na kuvuka bahari kwenda Marekani.

Hapo 1880 ndipo pa kusimama. Tangu mwaka ule Sarah hakuwa tena mwajiriwa wa mtu. Aliwalipa waigizaji, mafundi wa jukwaa, washonaji wa maleba na wachukuzi wa makasha. Mwaka 1893 alichukua uendeshaji wa jumba la Renaissance mjini Paris, na mwaka 1899 akachukua jumba kubwa zaidi akalipa jina lake mwenyewe. Mwaka huohuo aliigiza Hamlet, mwanamume, akiwa na miaka 54, na mwaka uliofuata akaigiza mtoto wa Napoleon, kijana wa miaka 20. Alikuwa na mtoto mmoja, Maurice, mpenda kamari, ambaye madeni yake mama aliyalipa maisha yake yote.

Sasa jumlisha. Mtu ambaye jina lake ndilo linauza tiketi ndiye pia anayelipa mishahara, ndiye mwenye jumba, na ndiye mwenye kijana anayecheza kamari. Akiumwa wiki mbili, watu wote wanaomtegemea wanakosa kipato na yeye anaingia kwenye deni. Kampuni nzima haikuwa na mtu wa juu yake wa kumwambia alale.

Wanaofahamu vikundi vyetu vya Bagamoyo wataiona hali hii bila kuelekezwa. Chuo cha Sanaa kilifunguliwa hapa mwaka 1981, baada ya vikundi vya taifa vya ngoma, maigizo na sarakasi kuvunjwa, na tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Wahitimu wengi hawarudi makwao. Wanabaki mjini na kuunda vikundi, na mara nyingi anayeunda kikundi ndiye mchezaji wake bora. Yeye ndiye anayetafuta kazi kwenye mahoteli, yeye ndiye anayebeba simu, na yeye ndiye anayekaa juu kabisa kwenye piramidi ya watu. Siku akiteguka kifundo, atakayetakiwa kusema "leo hatuchezi" ni yeye. Hasemi.

Nyuma ya ukuta

Turudi Rio. Kuruka kwa Tosca hakukuwa jambo geni kwake, alikuwa amelifanya kwa miaka 18 katika miji ya mabara kadhaa. Kitu kilichobadilika kila mji ni watu waliokuwa nyuma ya ukuta.

Kampuni inayosafiri kwa meli hubeba maleba, mapazia na baadhi ya mandhari. Lakini mikono ya kuvuta kamba na kusogeza mbao, kwa sehemu kubwa, huwa ya mafundi wa jumba lenyewe, watu ambao tamthiliya hiyo wanaiona kwa mara ya kwanza na pengine lugha yake hawaielewi. Hapa nasema kwa uzoefu wa kazi, si kwa ushahidi wa Rio: ajali za namna hii hutokea dakika tatu za mwisho. Onyesho linakwisha, mafundi wameshaanza kufikiria kubomoa, mtu anaona godoro limelala njiani, analisogeza apate kupitisha mbao. Hana nia mbaya. Hajui kwamba kuna mtu atashuka kutoka juu.

Tamasha la Sanaa na Utamaduni la Bagamoyo, lililoanza mwaka 1982, linazaa mazingira hayohayo kila mwaka. Kikundi kinashuka kwenye basi kutoka bara saa saba mchana, kinapanda jukwaani saa mbili usiku. Jukwaa hawajalizoea, taa zinawapiga usoni kutoka upande wasioutarajia, sakafu ina utelezi ambao kwao haupo. Baada yao kuna kikundi kutoka nje ya nchi, na baada ya hao kuna bendi inayotaka spika zake zikae mbele. Aliyepanga magodoro ya kikundi cha kwanza hajui kama kikundi cha tatu nacho kinaruka. Kukabidhiana jukwaa kunafanyika kwa kupiga kelele gizani.

Nilipowasimulia kisa hiki vijana wa kikundi kimoja ninachokisimamia, mzee wetu wa sarakasi alikuwa amekaa pembeni anasikiliza. Ni wa rika la mwanzo la mchezo huu nchini, rika lililofundishwa na waliopelekwa China miaka ya 1960. Alicheka.

"Sisi hatukumuuliza mtu kama godoro lipo," akasema. "Unakwenda mwenyewe, unalikanyaga kwa mguu wako, unarudi."

Binti anayeigiza nafasi yenye mruko akamjibu kwa adabu lakini bila kurudi nyuma: "Sawa, babu. Lakini mimi sini ile naingia moja kwa moja kutoka kubadilisha maleba. Nitalikanyaga saa ngapi?"

Mzee akanyamaza kidogo. "Basi awepo mtu wa kulikanyaga kwa niaba yako, mwanangu. Na umjue kwa jina."

Sijasikia uchambuzi mzuri zaidi wa usiku wa Rio kuliko huo. Mrukaji wa sarakasi huruka akiwa na mwili wake tu, na ana nafasi ya kukagua. Mwigizaji huruka akiwa ndani ya mtu mwingine, amevaa gauni zito, analia, ametoka kuona maiti ya mpenzi wake. Kumtaka akague godoro ni kumtaka aache kuigiza. Kwa hiyo ukaguzi lazima uwe kazi ya mtu mwingine, na mtu huyo asiwe na kazi nyingine yoyote katika dakika hizo.

Miaka kumi ya kuchechemea

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kirefu, na ndipo wasimulizi wengi wanaporuka moja kwa moja kwenda hospitalini.

Baada ya kuanguka, mguu ulivimba. Safari ya kwenda New York ilikuwa ya meli. Inasimuliwa kwamba daktari wa meli alipokuja kumtazama, Sarah aliona mikono yake michafu akakataa asimguse. Unaweza kumwita mkaidi, na mmoja wa vijana wangu alimwita hivyo. Mimi nina huruma naye. Hata leo mchezaji akiumia hapa mjini, wa kwanza kumshika ni mwenzake mwenye mafuta ya kuchulia, anayevuta kifundo kwa nguvu akidai anakirudisha. Kumkataa mtu wa namna hiyo ni akili. Kosa linakuja baadaye, usipomtafuta aliye bora.

Na hakumtafuta kwa muda uliotakiwa. Alilazimishwa kupumzika kidogo New York, kisha ziara ikaendelea. Ziara yenyewe ilikuwa ya ajabu: umoja wa wenye majumba uliotawala maonyesho Marekani ulimfungia milango kwa sababu alikuwa na mkataba na wapinzani wao, ndugu wa ukoo wa Shubert. Hao wa Shubert wakamnunulia hema. Mwaka 1906 huko Texas aliigiza ndani ya hema la maelfu ya watu, kama la sarakasi, na kwa Kifaransa, mbele ya wafuga ng'ombe. Mei mwaka huohuo, baada ya tetemeko la San Francisco, aliigiza Phèdre kwenye ukumbi wa wazi wa Berkeley. Haya yote kwa goti lililotakiwa kufungwa na kulazwa.

Nani angeweza kumzuia? Rudi kwenye hesabu ya mwajiri na nyota. Tiketi zimeshauzwa, hema limeshanunuliwa, waigizaji wako ugenini wanahitaji kulipwa na kurudishwa kwao. Katika mazingira hayo maumivu yanageuka kuwa gharama nyingine ya uendeshaji, na yeye aliilipa kwa mwili.

Alichofanya badala ya matibabu ni kupanga upya jukwaa, taratibu, mwaka baada ya mwaka. Viti na meza vilisogezwa karibu ili apate pa kushika. Waigizaji wenzake walijifunza kusimama pale ambapo mkono wake ungewafikia. Sini za kutembea zilipunguzwa. Mtazamaji aliona malkia anayemwegemea mjakazi wake, akadhani ni huzuni. Miaka ya 1912 na 1913 alirudi Marekani kwenye majumba ya burudani mchanganyiko, ambako nyota aliigiza kipande kimoja tu cha tamthiliya kati ya wachekeshaji na wanamuziki. Wakosoaji waliona amejishusha. Ukitazama kama msimamizi wa jukwaa, kipande kimoja ni dakika chache za kusimama badala ya saa tatu.

Halafu kuna filamu. Alikuwa ameshaonja kamera mwaka 1900, pambano la upanga la Hamlet liliporekodiwa na kuonyeshwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris. Mwaka 1908 alirekodi La Tosca, akaichukia alipoiona. Lakini mwaka 1912 ilitoka filamu ya mapenzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, iliyoongozwa na Henri Desfontaines na Louis Mercanton, na hiyo ilibadilisha biashara ya filamu. Adolph Zukor alinunua haki za kuionyesha Marekani, akapata nguvu ya kuikuza Famous Players, kampuni ambayo baadaye ilizaa Paramount. Haya yanatajwa katika kila historia ya sinema.

Mimi natazama mwisho wa filamu ile. Malkia anakufa. Mbele yake sakafuni pamerundikwa mito, mikubwa, mingi, kama chumba cha kifalme kilivyopaswa kuwa. Sarah anasimama, anayumba, na anaanguka kifudifudi juu ya rundo. Wachambuzi wa leo huicheka sini hiyo, wanasema ni uigizaji wa kupitiliza, na kweli mikono yake inapepea kuliko kamera inavyohitaji. Sawa. Ila tazama mito. Miaka saba baada ya Rio, kinga yake haiko tena nyuma ya ukuta mikononi mwa fundi asiyemjua. Ipo mbele ya kamera, sehemu ya mandhari, anaiona mwenyewe kabla hajaiangukia. Siwezi kuapa kwamba aliiweka kwa sababu ya Rio. Najua tu kwamba ni suluhisho ambalo ningelisifu kwa msimamizi yeyote wa jukwaa.

Bordeaux

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Sarah aliondoka Paris akaenda Andernos, kwenye ghuba ya Arcachon, karibu na Bordeaux. Mguu uliwekwa plasta ili goti lisisogee kabisa. Haukupona, na simulizi nyingi zinataja kwamba uliingiwa na gangrini, yaani nyama ilianza kuoza. Alimwandikia Samuel Pozzi, daktari mpasuaji na rafiki yake wa miaka mingi, akimsihi mguu ukatwe juu ya goti, kwa hoja kwamba asingekubali kuishi amelala na plasta wakati bado kuna kazi. Pozzi hakuweza kujileta kumkata rafiki yake. Kazi ilifanywa na Maurice Denucé, Bordeaux, tarehe 22 Februari 1915.

Kuna uvumi unaosambaa hadi leo kwamba mfanyabiashara wa maonyesho P. T. Barnum alimwahidi dola elfu nyingi ili aununue mguu uliokatwa na kuutembeza. Barnum alikufa mwaka 1891. Huo ni mfano wa jinsi hadithi nzuri inavyoufunika ukweli wenye faida: watu wanaujua mguu uliotaka kununuliwa, lakini wachache wanajua kwamba kati ya godoro na kisu ilipita karibu miaka kumi.

Jukwaa linamfuata mwigizaji

Mguu wa bandia aliujaribu akautupa. Magongo hakuyataka. Alichagua kiti cha kubebwa, cha mtindo wa enzi za wafalme, kikiinuliwa na watu wawili, na katika hicho aliingia na kutoka kila mahali. Watu wengine waliona majivuno. Hebu fikiria kazi: mtu anayebebwa kwenye kiti kama malkia anaingia ukumbini tayari akiwa katika nafasi yake.

Novemba 1915, miezi tisa baada ya kukatwa, alirudi kwenye jumba lake Paris na mchezo wa kishairi wa Eugène Morand, Les Cathédrales, ambamo waigizaji wa kike waliokaa vitini waliwakilisha makanisa makuu ya Ufaransa. Wote wamekaa, kwa hiyo hakuna wa kuuliza kwa nini yeye amekaa. Mwaka 1916 alikwenda karibu na mstari wa vita kuwaigizia askari, akiwa na mwigizaji kijana Béatrix Dussane, aliyeandika baadaye jinsi walivyoonyesha sanaa kwenye mabanda na majukwaa ya dharura. Kisha ziara nyingine ya Marekani hadi 1918. Huko aliigiza vipande, kimojawapo cha Portia mahakamani, yuleyule tunayemjua katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Wakili anaweza kusema maneno yake yote akiwa ameshika meza. Cleopatra naye alimwigiza katika sini ya kufa, na Cleopatra hana haja ya kutembea ili afe.

Mwaka 1920 aliigiza Athalie ya Racine akibebwa kwenye machela. Mwaka huohuo, Sarah akiwa na miaka 76, mwandishi Louis Verneuil, aliyekuja kumwoa mjukuu wake, alimwandikia tamthiliya ya Daniel, nafasi ya kijana mraibu wa mofini ambaye yuko taabani. Tukumbuke kwamba mume wa Sarah, Mgiriki Aristides Damala, aliharibiwa na mofini akafa mwaka 1889. Hakuhitaji mtu wa kumfundisha mraibu anavyogeuza kichwa.

Ukiziweka kazi hizi pamoja unaona mpango. Hakuna hata moja ambamo mwigizaji anaficha kwamba hatembei. Kila moja imetafuta sababu ndani ya hadithi. Hilo ni gumu kuliko ushujaa, linahitaji mwandishi, mwongozaji, fundi wa mandhari na waigizaji wenza waliokubali kupanga kazi yao kuzunguka mwili wa mtu mmoja. Naye alikuwa na uwezo wa kuwaamuru, kwa sababu alikuwa mwajiri. Cheo kilekile kilichomnyima mapumziko mwaka 1905 ndicho kilichompa kazi baada ya 1915. Mwigizaji wa kawaida wa kampuni yake, angekatwa mguu, angerudi kijijini kwao.

Kamera ilimsaidia kwa namna nyingine. Katika Mères françaises, filamu ya Mercanton ya mwaka 1917, yeye ni mama aliyepoteza wapendwa vitani, na unamwona amekaa, au amesimama ameegemea kitu, kisha picha inakatwa. Jukwaani lazima uvuke kutoka kushoto kwenda kulia mbele ya macho ya watu. Kwenye filamu mkato unakuvusha. Filamu yake ya mwisho, La Voyante, ilipigwa mwaka 1923 ndani ya nyumba yake mwenyewe Paris, kwa sababu yeye hakuweza tena kwenda studio. Taa na kamera zilikwenda kwake. Alifariki tarehe 26 Machi kabla haijakamilika, na iliyobaki ilimaliziwa kwa mtu wa kumwakilisha.

Waigizaji wa Bongo muvi wangeshangaa sana kusikia kwamba kuigiza umekaa sebuleni kuliwahi kuwa uvumbuzi. Filamu zetu ngapi zinaanzia kwenye kochi na kuishia kwenye kochi! Lakini kwa msanii wa Bagamoyo aliyeumia, sini za kukaa, redio na kazi ya kuingiza sauti ni mlango ambao wengi hawaufikirii mpaka mwili ushakataa. Shule yetu ni ya mwili: ngoma kwanza, maigizo juu ya ngoma. Mchezaji akiharibikiwa goti anajiona amekwisha, wakati sauti yake na uso wake havijaguswa.

Tuliyoyabishania

Vijana hawakukubaliana nami kila mahali. Yule aliyemwita Sarah mkaidi alishikilia kwamba angepaswa kustaafu, awaachie wengine. Binti wa mruko alimuuliza: angestaafu kwa pensheni ipi? Hapo mazungumzo yakahama kutoka Paris yakaja kwenye mifuko yetu.

Tanzania Bara ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Mwajiri ndiye anayechangia, mfanyakazi hakatwi kitu, na anayeumia kazini hulipiwa matibabu na fidia. Ni jambo zuri, na kwa mwigizaji aliyeajiriwa na kituo cha televisheni au taasisi linafanya kazi. Lakini mfuko unamlinda mwajiriwa. Vikundi vingi vya mtaani hugawana fedha baada ya onyesho, mezani, chini ya mwembe, na hakuna karatasi inayosema nani kamwajiri nani. Hoteli inasema imekodi kikundi. Kikundi kinasema sisi ni marafiki tunaocheza pamoja. Goti likivunjika, linakuwa la mwenye goti, na harambee inapitishwa kwenye simu.

Kwa hiyo tulipoanza mazoezi ya igizo letu la sasa, lenye binti anayeruka kutoka roshani ya nyumba ya mawe, niliomba mambo yaandikwe. Makubaliano na anayetukodi yataje nani analipia matibabu mtu akiumia usiku wa onyesho, hata kama ni mstari mmoja. Kila mruko uwe na mtu wake wa godoro, ajulikane kwa jina, asiwe anapiga ngoma wala kuvuta pazia wakati huo, na binti asipomwona ameinua mkono, haruki; anateremka kwa ngazi na tunaendelea. Kuhusu godoro lenyewe, fedha za sponji nene hatuna. Tunatumia magunia ya makumbi yaliyofungwa vizuri, na mikeka juu yake, na kila jioni mtu anayapiga magoti kuona kama yamelala.

Mwongozaji alilalamika kwamba ngazi itaua sini. Nikamwambia mito ya Malkia Elizabeth ilionekana na kila mtu aliyekata tiketi Marekani, na hakuna historia inayosema walidai warudishiwe fedha zao.

Kilichobaki ni posho. Kijana wa godoro haonekani na mtazamaji hata mmoja, na wenzake wanaona apewe nusu. Babu anasema apewe sawa na mrukaji. Kiongozi wa kikundi, ambaye ndiye pia mchezaji wetu mkuu, ameomba muda afikirie, na nimemjibu kwamba mpaka atakapoamua, mruko nimeutoa kwenye igizo.